Brenda Milner na mgonjwa H.M.: sifa ni ya mtafiti au ya bahati?

Mwanasemina ameuliza:

Waheshimiwa wanajukwaa, salaam.

Ninaandaa mada ya semina ya uzamili katika saikolojia, na mtu niliyemchagua ni Brenda Milner, mtafiti aliyezaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1918, ambaye kazi zake zinazojulikana zaidi alizifanyia Montreal, Kanada, katika Taasisi ya Neva iliyo chini ya Chuo Kikuu cha McGill. Nilipowasilisha muhtasari wangu, mmoja wa wanaonisimamia alitoa hoja ambayo bado sijaweza kuijibu. Alisema kwamba umaarufu wa Milner unatokana na mgonjwa mmoja tu, yule aliyejulikana kwa miaka mingi kwa herufi H.M., na kwamba mtaalamu yeyote mwenye karatasi za majaribio angeona alichokiona Milner, mradi tu afikishwe mbele ya mgonjwa huyo.

Kwa wasiokifahamu kisa hiki, nieleze kwa kifupi. Henry Molaison alikuwa kijana wa jimbo la Connecticut, Marekani, aliyesumbuliwa na kifafa kikali kisichosikia dawa. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, daktari wa upasuaji William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za ubongo zilizo nyuma ya mapanja yote mawili, ikiwamo sehemu kubwa ya hipokampasi, kijisehemu kilichopinda kilicho ndani ya ubongo kila upande. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Mtu aliyezungumza naye, akatoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi, alikuwa mgeni upya. Hata hivyo akili yake haikudhoofika: kipimo cha mwaka 1955 kilimpa alama 112, ambazo ni juu ya wastani. Makala ambayo Scoville na Milner waliichapisha mwaka 1957 kuhusu hali hiyo imerejelewa mara maelfu.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Hoja hii ya bahati ina uzito gani tukiangalia kazi yenyewe ilivyofanyika? Na ushawishi wa kitaaluma wa mtafiti kama huyu tuupime kwa kigezo gani, ikiwa hatutaki kuishia kuhesabu marejeo?

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ndugu Mwanasemina, msimamizi wako amekianza kisa hiki katikati. Milner hakufika kwa H.M. akiwa hajui anachokitafuta. Alikwenda kumwona kwa sababu tayari alikuwa na wagonjwa wawili wenye tatizo lilelile, na tayari alikuwa ametoa kauli ya kitaalamu kuhusu chanzo chake.

Tutazame kwanza malezi yake ya kitaaluma, kwa kuwa ndiyo yanayoeleza kwa nini yeye ndiye aliyekuwa pale. Aliingia Newnham College, Cambridge, mwaka 1936 kusoma hisabati, akahamia saikolojia alipoona kwamba hangekuwa mwanahisabati wa daraja la juu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishiriki kubuni majaribio ya kuwachagua marubani, kisha akahamishiwa kwenye utafiti wa rada. Mwaka 1944 aliolewa na mhandisi Peter Milner, wakavuka bahari kwenda Kanada, naye akapata kazi ya kufundisha saikolojia, kwa Kifaransa, katika Université de Montréal. (Kando kidogo: mume huyo naye aligeukia sayansi ya ubongo, na mwaka 1954 yeye na James Olds walichapisha ugunduzi kwamba panya watajitahidi bila kuchoka ili wapate msisimko wa umeme katika sehemu fulani za ubongo. Sidhani kama mezani kwao paliwahi kukosekana mada.) Mwaka 1947 alianza kuhudhuria semina za Donald Hebb katika Chuo Kikuu cha McGill, wakati muswada wa kitabu kikuu cha Hebb kuhusu ubongo na tabia ulipokuwa ukijadiliwa kabla ya kuchapishwa mwaka 1949. Hebb ndiye aliyempeleka, mwaka 1950, kwa Wilder Penfield, daktari wa upasuaji aliyetibu kifafa kwa kuondoa kipande cha ubongo ambamo degedege lilianzia.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Penfield alikuwa akikata upande mmoja tu wa ubongo, na wagonjwa wake wengi waliokatwa nyuma ya panja walitoka na upungufu mdogo uliohitaji vipimo makini ili uonekane. Milner aliushughulikia upungufu huo katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1952 na katika tafiti zilizofuata, akaonyesha kwamba waliokatwa kushoto walipata shida ya kukumbuka maneno na hadithi, na waliokatwa kulia walipata shida ya kukumbuka michoro, nyuso na sauti za muziki. Kwa hiyo alikuwa anajua vizuri kabisa mgonjwa wa kawaida wa upasuaji huo anakuwaje. Mtu asiyekijua cha kawaida hawezi kukitambua kisicho cha kawaida, na kwa maoni yangu jibu kwa msimamizi wako linaanzia hapo.

Kisha wakajitokeza wagonjwa wawili wasiofanana na wengine. Wa kwanza, P.B., alikuwa mhandisi, na wa pili, F.C., alikuwa mkata ngozi za kushonea glavu. Wote walikatwa upande wa kushoto peke yake, na wote wakapoteza uwezo wa kuhifadhi mambo mapya. Kisa cha P.B. kilikuwa na mafunzo zaidi kwa sababu alipasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza iliondolewa sehemu ya nje, na kumbukumbu yake ikabaki salama. Mara ya pili ziliondolewa sehemu za ndani, hipokampasi ikiwamo, na ndipo kumbukumbu ikapotea. Sasa, ikiwa wagonjwa wengine waliondolewa hipokampasi ya upande mmoja bila kupata madhara hayo, kwa nini hawa wawili? Penfield na Milner walifikia dhana kwamba hipokampasi ya upande wa pili lazima ilikuwa imeharibika tangu zamani bila mtu kujua, na kwa hiyo kisu kilipopita kushoto, mgonjwa alibaki hana hipokampasi inayofanya kazi upande wowote.

Dhana hiyo waliiwasilisha mwaka 1955 katika mkutano wa madaktari wa neva wa Marekani uliofanyika Chicago. Scoville alipousoma muhtasari wao, alimpigia Penfield simu kumweleza kwamba anaye mgonjwa wa namna hiyo ambaye yeye mwenyewe alimkata pande zote mbili. Milner akapanda treni ya usiku kutoka Montreal kwenda Hartford. Ona mpangilio: dhana ilitangulia, mgonjwa akafuata. Bila ya dhana iliyotokana na P.B. na F.C., H.M. angebaki kuwa jambo la kusikitisha katika faili za hospitali.

Wala makala ya 1957 haikuwa ya mgonjwa mmoja. Milner aliwapima wagonjwa kumi wa Scoville, wengi wao wakiwa watu wenye maradhi mazito ya akili, jambo lililoifanya kazi ya kuwapima kuwa ngumu. Matokeo yake yalifuata ngazi: watatu walikuwa na upotevu mkubwa wa kumbukumbu, watano upotevu wa wastani, na wawili hawakuwa nao. Upotevu uliongezeka kadiri kisu kilivyokwenda nyuma kando ya hipokampasi, na mgonjwa ambaye pande zote mbili ziliguswa kwa mbele tu, bila kuifikia hipokampasi, hakupoteza kumbukumbu. Ulinganisho huo ndio ulioipa makala nguvu. H.M. alikuwa muhimu kwa sababu hakuwa na maradhi ya akili, kwa hiyo tatizo lake lilionekana wazi bila ya kivuli cha ugonjwa mwingine.

Niongeze na jinsi alivyotazama. Siku moja Milner alimpa H.M. nambari 584 aishike akilini, akamwacha peke yake. Baada ya dakika 15 hivi alimkuta bado anayo. H.M. alieleza alivyofanya: tarakimu zote ukizijumlisha unapata 17, unaikumbuka 8, ukiitoa unabaki na 9, nayo 9 unaigawa kuwa 5 na 4. Dakika moja baadaye, akili yake ilipovutwa kwenye jambo jingine, hakuikumbuka nambari wala hesabu yake, wala hakujua kwamba alikuwa amepewa nambari yoyote. Mtu mwingine angeandika kwamba mgonjwa alifaulu, kisha akafeli. Milner aliona kwamba kushika jambo akilini kwa kulirudiarudia ni kazi moja, na kulihifadhi kwa baadaye ni kazi nyingine, na kwamba ni ya pili tu iliyoharibika.

Jaribio la nyota, alilolichapisha mwaka 1962, lilikwenda mbali zaidi. Mgonjwa alipewa nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, akatakiwa kupitisha penseli katikati ya mistari hiyo huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya mtu yeyote mwanzoni. Kwa siku tatu mfululizo makosa ya H.M. yalipungua kama ya mtu mwenye afya, na kila siku aliiona kazi hiyo kuwa mpya kabisa kwake. Miaka 12 tu kabla ya hapo, Karl Lashley, mtu mwenye heshima kubwa katika fani hii, alikuwa ameandika kwamba ametafuta kwa miaka mingi mahali kumbukumbu inapokaa katika ubongo bila mafanikio. Sasa palikuwa na ushahidi kwamba kumbukumbu si kitu kimoja, na kwamba mkono unaweza kujifunza jambo ambalo mwenye mkono hana habari nalo. Tofauti kati ya kukumbuka matukio na kujua kutenda, ambayo leo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huifundishwa, imesimama juu ya mistari ile ya penseli.

Mtakwimu amejibu:

Kwa heshima zote kwa Mwalimu, naona ameutetea upande mmoja kuliko ushahidi unavyoruhusu, na Mwanasemina akienda na maelezo haya peke yake atabanwa kwenye semina.

Kwanza, Milner na Scoville walisema mengi kuhusu hipokampasi kuliko walivyokuwa na haki ya kusema wakati ule. Kisu cha Scoville hakikuondoa hipokampasi peke yake. Kiliondoa pia amigdala, kijisehemu cha ubongo kinachohusika na hisia, na magamba ya ubongo, yaani tabaka lake la nje, yaliyo jirani. Tena Scoville alikadiria kwa macho tu kwamba alikwenda nyuma sentimita 8, lakini picha za sumaku (MRI) za ubongo huo zilizochapishwa mwaka 1997 zilionyesha kwamba ni kama sentimita 5, na kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilikuwa bado ipo, ingawa ilikuwa imesinyaa. Baada ya Molaison kufariki Desemba 2008, ubongo wake ulikatwa San Diego katika vipande 2,401 vyembamba kuliko karatasi nyingi, na hapo ikaonekana hata jeraha dogo katika sehemu ya mbele ambalo hakuna aliyelijua. Kwa hiyo kusema mwaka 1957 kwamba hipokampasi ndiyo chanzo ilikuwa ni kuruka hatua. Watafiti wa nyani walihangaika kwa zaidi ya miaka 20 kuupata upotevu wa namna ile kwa wanyama. Mortimer Mishkin alipiga hatua kubwa mwaka 1978, na kazi ya Stuart Zola-Morgan na Larry Squire iliyofuata ilionyesha kwamba magamba ya jirani yana mchango mzito wao wenyewe.

Pili, ile dhana kuhusu P.B. na F.C. ni nzuri, lakini mwaka 1955 ilikuwa dhana tu. Kueleza mgonjwa wa ajabu kwa kusema kwamba ana jeraha jingine lisiloonekana ni njia rahisi ya kuokoa nadharia yoyote. Nani aliuona upande wa pili wa ubongo wa P.B.?

Tatu, tusisahau kilichoitwa bahati hapa ni nini. Scoville mwenyewe aliandika waziwazi kwamba upasuaji ule ulikuwa wa majaribio. Kijana alilazwa ili atibiwe kifafa, akatoka akiwa hawezi kuishi peke yake maisha yake yote. Kisha kwa zaidi ya nusu karne akawa mtu wa kupimwa, dunia ikimjua kwa herufi mbili. Ninakubali kwamba Milner hakuhusika na uamuzi wa kumkata, na kwamba alimtendea kwa heshima. Lakini mada inayozungumzia ushawishi wa mtafiti bila kumpa Molaison nafasi yake kama mchangiaji ina kasoro. Na baada ya miaka ya sitini aliyebeba mzigo mkubwa wa utafiti huo alikuwa Suzanne Corkin, aliyehamia Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts na kuendelea na H.M. hadi mwisho.

Tabibu wa Pwani amejibu:

Mimi ni tabibu, si mtafiti, kwa hiyo ugomvi wa sentimita nawaachia wenyewe. Ninataka kugusa swali la pili la Mwanasemina, ambalo naona limepitwa.

Ushawishi wa mtafiti wa ubongo unaweza kupimwa kwa kuangalia ni kitu gani madaktari waliacha kukifanya kwa sababu yake. Makala ya 1957 ilikuwa pia onyo kwa wapasuaji: msiondoe sehemu hizi pande zote mbili. Onyo lilisikika. Lakini kisa cha P.B. kilikuwa kimeacha hatari nyingine, kwamba hata kukata upande mmoja kunaweza kumwangamiza mgonjwa ikiwa upande wa pili ulikuwa umeharibika kimyakimya. Daktari angejuaje kabla ya kukata? Juhn Wada alikuwa ameleta Montreal mbinu ya kuingiza dawa ya usingizi katika mshipa wa shingo ili nusu moja ya ubongo ilale kwa dakika chache, lengo likiwa kujua lugha inakaa upande gani. Milner na wenzake wakaongeza hatua ya kupima kumbukumbu humohumo: mgonjwa anaonyeshwa vitu wakati nusu moja imelala, kisha anaulizwa baada ya dawa kuisha. Akishindwa, daktari anajua kwamba nusu iliyobaki macho haiwezi kubeba kazi peke yake, na upasuaji unafikiriwa upya. Wapo watu wasiojulikana majina, na ambao hawatajulikana, waliobaki na kumbukumbu zao kwa sababu ya hatua hiyo. Hesabu ya marejeo haiwagusi.

Mbinu hiyohiyo ilitoa takwimu ambazo hadi leo zinafundishwa. Mwaka 1977 Theodore Rasmussen na Milner waliripoti kwamba kati ya watu wanaotumia mkono wa kulia, ambao hawakuumia ubongo wa kushoto utotoni, asilimia 96 walikuwa na lugha upande wa kushoto. Kwa wanaotumia kushoto au mikono yote ilikuwa asilimia 70, waliobaki wakigawanyika sawa kati ya walio na lugha upande wa kulia na walio nayo pande zote mbili. Na walioumia upande wa kushoto wakiwa wadogo, lugha kwa wengi wao ilikuwa imehamia kwingine. Kwa sisi tunaoona watoto, sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito.

Kuna na jambo la karibu na kwetu. Mwaka 1997 Faraneh Vargha-Khadem na wenzake, London, walieleza vijana watatu ambao hipokampasi zao ziliharibika mapema maishani: walisoma shule na kujifunza mambo ya kitabuni, lakini hawakuweza kukumbuka yaliyowatokea siku ileile. Mwaka 2009 kundi lililowahusisha watafiti wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome Trust kilichopo Kilifi, pwani ya Kenya, lilichapisha utafiti kuhusu kumbukumbu ya maisha ya kila siku ya watoto waliopona malaria kali iliyofika kwenye ubongo, likihoji nafasi ya degedege na ya madhara katika hipokampasi. Kabla ya Milner, swali la namna hiyo lisingeweza hata kuundwa, kwa kuwa mtoto asiyekumbuka alichotumwa dukani angeitwa mzito au mtundu, na mjadala ungeishia hapo. Ningependa Mwanasemina aipe sehemu hii kurasa zake, huku akitaja kwamba vipimo vya kumbukumbu vilivyoundwa kwa Kiingereza haviwezi kuchukuliwa hivihivi. Picha, hadithi na majina hubadilishwa na kuthibitishwa upya ili mtoto wa Kilifi apimwe kumbukumbu, siyo uzoefu wake wa mambo ya Ulaya.

Mwalimu Mstaafu amejibu tena:

Ninamshukuru Mtakwimu kwa kubana pale panapostahili kubanwa, na Tabibu kwa kuutoa mjadala kwenye vitabu.

Kuhusu P.B., jibu lipo. Alipofariki, ubongo wake ulichunguzwa, na matokeo yalichapishwa na Penfield pamoja na Gordon Mathieson mwaka 1974. Upande wa kulia, ambao hakuna aliyeugusa, hipokampasi ilikutwa imesinyaa kwa jeraha la zamani. Dhana iliyosimama kwa miaka mingi bila kuonekana kwa macho ilikutwa kweli mezani. Kama ilikuwa njia rahisi ya kuokoa nadharia, basi ilikuwa pia njia iliyokubali kujiweka hatarini, kwa sababu ubongo ule ungekutwa mzima, kazi yote ingeyumba. Na kuhusu hipokampasi yenyewe, mwaka 1986 Zola-Morgan, Squire na David Amaral walimweleza mgonjwa R.B., aliyekuwa msahaulifu alipokuwa hai, na ambaye ubongo wake baada ya kifo ulionyesha kwamba jeraha lililohusika lilikuwa katika ukanda mmoja tu wa hipokampasi, pande zote mbili. Usahaulifu wake haukufikia ule wa H.M., kwa hiyo hoja ya Mtakwimu kuhusu magamba ya jirani inabaki. Ninachokataa ni neno kuruka. Ile ngazi ya wagonjwa kumi ilikuwa inaelekeza huko.

Kuhusu Corkin nina nyongeza. Alikuwa mwanafunzi wa Milner. Doreen Kimura naye alikuwa mwanafunzi wa Milner, aliyeonyesha mwaka 1961 kwamba masikio mawili yakisikilizishwa maneno tofauti kwa wakati mmoja, la kulia huwa na ushindi kwa sababu lugha iko kushoto. Michael Petrides, ambaye kazi yake kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo inasomwa kote, alitoka mikononi mwake pia. Ukifuata mstari huo wa walimu na wanafunzi unapata kipimo kimoja cha ushawishi kisichohitaji H.M. hata kidogo.

Upo na ushawishi wa mbali. Eric Kandel ameeleza mara nyingi kwamba kazi ya Milner ndiyo iliyomvuta kwenye hipokampasi katika miaka ya hamsini, kabla hajahamia kwa konokono wa baharini ambaye alimletea Nobel mwaka 2000. John O'Keefe, aliyegundua seli za hipokampasi zinazomjulisha panya mahali alipo, alisomea uzamivu McGill na akashirikiana na Milner na Marcus Raichle tuzo ya kimataifa ya sayansi iitwayo Kavli ya mwaka 2014. Miezi michache baadaye O'Keefe alipata Nobel pamoja na May-Britt na Edvard Moser. Jina la Milner halikuwemo, na wengi katika fani hiyo, nami nikiwa mmoja wao, waliona kwamba lilistahili kuwemo.

Mwanasemina ameandika:

Nimefaidika kuliko nilivyotarajia. Nitaipanga upya mada: nitaanza na P.B. na F.C., nitampeleka H.M. katika sehemu ya pili pamoja na wale kumi, na pingamizi za Mtakwimu zitakuwa sehemu inayojitegemea badala ya kuwekwa kama tanbihi. Molaison nitamtaja kwa jina lake kamili. Kilifi nitaiweka pale Tabibu aliposhauri.

Limebaki swali moja. Katika maandalizi yangu nilikuwa na kurasa kadhaa kuhusu jaribio la kupanga kadi ambalo Milner alilitumia mwaka 1963. Sijui kama zina nafasi katika mada ambayo hoja yake kuu ni kumbukumbu, au nizitoe ili nisitawanyike.

Mtakwimu amejibu:

Usizitoe. Hizo ndizo kurasa ambazo msimamizi wako hataweza kuzijibu kwa neno bahati.

Jaribio lenyewe halikuwa lake. Lilibuniwa Chuo Kikuu cha Wisconsin na kuchapishwa mwaka 1948. Mgonjwa hupewa kadi zenye maumbo, rangi na idadi tofauti, azipange bila kuambiwa kanuni, akijulishwa tu kama amepatia au amekosea. Akishapatia mara kumi mfululizo, mpimaji hubadilisha kanuni kimyakimya. Milner aliwalinganisha watu waliopasuliwa sehemu mbalimbali za ubongo, baadhi yao akiwa amewapima kabla na baada ya upasuaji, akakuta kwamba waliokatwa sehemu ya juu na pembeni nyuma ya paji la uso ndio walioshindwa kuiacha kanuni ya kwanza. Wengine waling'ang'ania rangi kadi baada ya kadi, ilhali wanaambiwa kila mara kwamba wamekosea. Watu hao hao wangeweza kupata alama nzuri katika kipimo cha kawaida cha akili, na ndiyo maana madaktari wengi wa wakati ule walidhani sehemu hiyo ya ubongo inaweza kuondolewa bila hasara kubwa.

Katika kazi hiyo hakuna H.M., wala hakuna mgonjwa yeyote wa ajabu. Kuna wagonjwa wengi wa kawaida wa upasuaji, kundi la kulinganisha, jaribio lililokuwa likijulikana kwa miaka 15, na mtu mmoja aliyefikiri kulitumia mahali ambapo lingeonyesha tofauti. Iweke baada ya wale kumi wa Scoville, kabla ya pingamizi zangu, na uonyeshe kwamba njia ni ileile: kulinganisha jeraha na jeraha, jaribio na jaribio, mpaka ijulikane ni kipi kilichoharibika na ni kipi kilichobaki.